Dakika Kumi na Mbili

Uwanja wetu una chumba kimoja, mizani moja,
na mimi Solfrid, ambaye ndiye wote:
asubuhi napima mabegi, kisha navaa koti la manjano
nikayapakie yaleyale niliyoyapima,
kisha narudi dirishani niwe mtu mwingine
anayesema, "Karibuni Berlevåg."

Kila Alhamisi huja Halvdan Aronsen.
Hapandi ndege. Hununua kahawa ya mashine,
hukung'uta theluji kofiani, huuliza:
"Hivi, hadi Båtsfjord ni kilomita ngapi?"
kana kwamba nchi huenda imesogea tangu juma lililopita.
"Kwa mstari wa rula, thelathini na tisa."
"Na muda?"
"Dakika kumi na mbili. Upepo ukinuna, kumi na tano.
Ukikataa kabisa, usiniulize."

Kwa barabara ni habari nyingine:
karibu tisini, kupanda hadi uwanda usio na mti hata wa dawa,
na wakati wa baridi kizuizi hushushwa,
magari yakajipanga nyuma ya katapila la theluji
kama vifaranga nyuma ya mama asiyegeuka,
mara mbili kwa siku, au mara moja, au basi tena.
Halvdan anayajua hayo. Aliendesha lori la samaki
miaka ishirini na sita.
Haji kuuliza barabara.

Båtsfjord yuko nduguye, Edvin.
Kisa chao kila mtu anacho, kila mtu na chake:
wengine husema mashua, wengine mgawo wa kuvua.
Mama yangu alisema ni keekee,
keekee ya mkono, ya kutobolea mbao,
aliyoiazima Halvdan akachelewa kuirudisha,
akadaiwa mbele za watu, akanuna,
akanuna hadi kununa kukawa ajira
yenye pensheni.

Mwezi wa pili, Alhamisi, akanunua tiketi.
Begi: kilo tatu na gramu mia nne.
"Kuna chochote chenye ncha?"
Akalifungua. Soksi, pakiti ya kahawa, na ndani ya taulo
keekee, mpini umepakwa mafuta upya.
"Hii huingii nayo. Itakaa chini na mizigo."
Alinipa polepole. Nikabandika lebo.

Waliruka saa nne na dakika tano.
Nilihesabu, ingawa silipwi kuhesabu.
Dakika ya tisa redio ikasema ukungu umelalia njia.
Wakazunguka mara moja. Mara mbili.
Wakaenda zao Vadsø.

Jioni akarudishwa.
"Nimeiona nyumba," akaniambia. "Ukungu ulitoboka kidogo.
Paa ni la kijani. Lilikuwa jekundu, Solfrid.
Kapaka lini?"
Sikuwa na jibu. Mimi nina kilomita na dakika tu.

Begi halikurudi naye.
Lebo yangu ilisema Båtsfjord, nalo likatii lebo:
asubuhi kukakucha kweupe, likaruka peke yake,
na mwenzangu wa kule akasoma jina la ukoo
akampelekea Edvin, bila kuuliza mtu.

Ijumaa, simu. Sauti sikuijua,
ila kikohozi nilikijua: cha Halvdan,
kimehamia mji mwingine.
"Keekee imefika," kikasema. "Imekuja na soksi.
Mwenye soksi yuko wapi?"

Nikageuka. Haikuwa Alhamisi,
lakini alikuwa pale kwenye mashine, kikombe mkononi,
akijifanya anasoma ratiba ambayo haijabadilika tangu kiangazi.
"Yuko hapa. Anakunywa kahawa."

Kimya. Nikasikia upepo wa kwake masikioni
na wa kwetu kwenye vioo, wala haukuwa mmoja.

"Muulize," akasema Edvin, "kwani kuja huku
ni muda gani?"

Sikujibu, nami ndiye ninayejibu siku zote.
Nikamnyoshea Halvdan simu.
Akaweka kikombe chini, kikamwagika, hakukitazama.

"Kumi na mbili," akasema.
Kisha, baada ya kukohoa:
"Upepo ukikubali."